Kuitwa Mkutanoni, na Kuitazama Nchi Wawili



Wako watu watuulizao neno hili: Mtu akiitwa katika mkutano wa kazi mji wa mbali, je, yafaa amchukue na mwenziwe wa nyumbani, kisha wakae siku mbili tatu kuitazama nchi? Wengine huuliza kwa kucheka, maana huku kwetu katika nchi ya Wakuria mume na mke wakionekana kituoni na sanduku moja, pasipo msiba wala ugonjwa, watu husimama kuwatazama. Wengine huuliza kwa uchungu, kwa kuwa wameona fedha ya nyumba ikipotea katika safari ya namna hiyo. Tumeona vema kulijibu kwa njia ya somo, ili walimu wapate kulisoma pamoja na watu wao. Nasi tuandikao ni mume na mke. Mmoja wetu ni tabibu wa zahanati, wa pili ni mkulima na mshonaji wa nguo. Hatutasema kila mara ni yupi aliyetenda lipi, maana makosa tutakayoyasimulia tuliyafanya wote wawili.

Kwanza tuone kwa nini jambo hili latuhusu sisi wa Genkuru, tusije tukadhani ni habari ya watu wa mjini. Kijiji chetu kipo kaskazini ya Mto Mara, karibu na Nyamongo, penye mgodi wa dhahabu ulioanza kutoa mali mwaka 2002. Ukivuka daraja la mto na kuifuata njia ya Mugumu, umekwisha kuingia wilaya ya Serengeti. Tena mbele ya Mugumu liko lango la Ikoma, nalo ni mlango wa hifadhi iliyowekwa mwaka 1951, yenye kilomita za mraba 14,763. Watu hutoka Ujerumani, Marekani na Japani, wakapanda ndege mbili na tatu, ili waone nyumbu wakiuvuka mto ule ule unywewao na ng'ombe wetu. Lakini hesabuni nyumba za kijiji chetu: ni wangapi waliopita langoni na kutazama kama wageni watazamavyo? Ni wachache mno. Wengi waijua hifadhi kwa tembo alaye mtama usiku, au kwa maneno ya mipaka yasiyokwisha, au kwa kijana wa jirani aliyekamatwa na nyama. Kwa hiyo mtu akisema, "Twende tukawatazame wanyama," jirani yake humwuliza, "Umewakosa wapi?"

Hata wakubwa hawakuwa wote na hamu hiyo. Inasimuliwa juu ya Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama katika mkoa wetu, ya kwamba alisema hakutaka kumaliza likizo yake kwa kutazama mamba. Walakini yeye ndiye aliyetoa ahadi ya serikali yake ya kuwalinda wanyama wa porini, katika mkutano uliofanywa Arusha mwezi wa Septemba 1961, kabla ya uhuru. Basi mtu aweza kutokuwa na hamu ya kitu, naye akajua thamani yake.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Mtu aitwaye mkutanoni hakupewa siku hizo kuwa zake. Nauli yake imelipwa na wengine. Posho yake imehesabiwa kwa chakula na kitanda cha mtu mmoja. Na nyuma yake wamebaki watu wamngojao aje na maarifa waliyomtuma kuyatafuta. Lakini kuchukuana mume na mke katika kazi si jambo jipya wala la aibu. Wasomaji wetu wawajua Akila na Prisila, waliotoka Rumi wakakaa Korintho, wakasafiri hata Efeso, wakishona mahema pamoja na kufundisha pamoja. Tena Paulo mwenyewe, ajapokuwa hakuwa na mke, aliwaandikia Wakorintho ya kuwa mitume wengine walisafiri na wake zao, wala hakuwalaumu. Neno la kuamua ni hili: je, kazi imetimizwa, na fedha ni ya nani?

Mfano wa mume na mke waliounga kazi, mkutano na kuitazama nchi hauko mbali nasi. Uko katika njia yetu ya kwenda Arusha. Ni habari ya Louis Leakey na Mary mkewe. Louis alizaliwa Kabete katika nchi ya Kenya mwaka 1903, mtoto wa wamisionari wa Kiingereza. Mary alizaliwa London mwaka 1913. Wakaoana mwaka 1936. Louis alikwenda mara ya kwanza kuchimba katika korongo la Olduvai mwaka 1931. Jina hilo ni Oldupai la Wamasai, yaani mkonge wa porini umeao pale kwa wingi. Mary alifika mwaka 1935, na tangu hapo walirudi mara kwa mara, kila walipopata fedha na nafasi. Waliokota mawe yaliyochongwa na mifupa ya wanyama mingi sana, lakini ya watu wa kale walipata vipande vichache tu. Watu wengine wangalichoka.

Tarehe 17 Julai 1959 Louis alikuwa mgonjwa, amelala kambini. Mary hakukaa kitako kumlinda mlangoni. Alitoka na mbwa wake kuutazama mteremko mmoja, akaona kipande cha mfupa kimetokeza katika udongo. Alipokifagia kidogo akaona meno makubwa. Akarudi kambini mbio kumwita mumewe, naye akaondoka kitandani, ugonjwa ukasahauliwa. Lile fuvu wakaliita Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinj, jina la zamani la pwani yetu ya Afrika Mashariki. Baadaye wataalamu walikadiria umri wake kuwa kama miaka 1,750,000. Fuvu lenyewe leo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.

Mwezi wa pili yake, Agosti 1959, ulikuwako mkutano wa wataalamu wa mambo ya kale ya Afrika katika mji wa Leopoldville, uitwao sasa Kinshasa. Wakaenda na fuvu wakalichukua, wakalionyesha mbele ya wenzao. Angalieni jambo hili, ninyi mnaosema mke aendaye mkutanoni na mumewe ni wa kubeba mizigo tu. Kitu kilichowastaajabisha watu katika mkutano ule, aliyekiona kwanza ni mke, akitembea peke yake asubuhi na kutazama chini. Hata hivyo, magazeti ya siku zile yalilitangaza zaidi jina la mume. Hatusemi ndoa yao ilikuwa bila doa. Haikuwa hivyo mwanzoni wala mwishoni, na katika miaka ya mwisho ya Louis, aliyefariki mwaka 1972, walikaa zaidi mbalimbali. Twawataja kwa ajili ya kazi yao. Mary aliendelea, na mwaka 1978 huko Laetoli kikundi chake kilifunua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili katika majivu ya volkano zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita.

Sasa tuje kwetu, na hapa hatuna habari ya kujisifu.

Mmoja wetu aliitwa Arusha katika mkutano wa siku tatu, wa kufundishwa namna mpya ya kuandika hesabu na maombi ya dawa. Wa pili hakuwa ameona mji wowote kupita Musoma. Tukasema, Na twende wote. Fedha hatukuwa nayo, tukatwaa sehemu ya ada ya shule ya mtoto, kwa nia ya kuirudisha tutakapobana posho. Njia ya hifadhi tuliiogopa, tukidhani ada ya langoni ni ile ya Wazungu. Kwa hiyo tulizunguka kwa Mwanza, Shinyanga na Singida, tukalala njiani, na nauli ya watu wawili ikala karibu yote tuliyokuwa nayo. Mkutanoni hatukuwa tumemwambia mtu. Kwa siku tatu mmoja aliketi kusikiliza, na mwenziwe aliketi katika chumba cha kulala wageni, bila fedha ya kutembea na bila kuijua njia. Chakula cha mtu mmoja tulikigawa. Jioni ya pili neno likatoka: "Baba watoto, mbao za dari hii nimezihesabu mara nne. Ni kumi na tisa. Huko nyumbani ningalikuwa nimeshona magauni mawili."

Neno lile lilichoma. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, tabibu hakurudi mkutanoni. Alikwenda kumtembeza mkewe mjini, wakautazama Mlima Meru na mnara wa saa, wakanunua matunda, wakafurahi. Lakini alasiri ile ndiyo waliyofundishwa namna ya kuijaza fomu yenyewe. Siku mbili za kwanza zilikuwa maelezo tu. Tulirudi nyumbani, fomu ikajazwa kwa kukisia, ikarudishwa. Ikajazwa tena, ikarudishwa tena. Kwa majuma kadhaa zahanati ilipungukiwa na dawa ya malaria, na akina mama waliokuja na watoto wenye homa waliambiwa wakatafute dukani. Wenye fedha walinunua. Wasio na fedha tuliwapa barua ya kwenda mbali zaidi, wakaenda kwa miguu. Wala hawakujua sababu. Sisi tulijua. Ada ya shule nayo haikurudi kwa wakati, kijana akakaa nyumbani siku tisa.

Tulikaa muda mrefu bila kulizungumza. Mwisho tulilizungumza shambani, tukipalilia, maana ni rahisi kusema neno gumu mikono ikiwa na kazi. Kila mmoja alikuwa akijilaumu moyoni na kumlaumu mwenziwe kidogo. Mmoja alisema, "Nilikuchukua kama mzigo, nikakuweka chumbani." Wa pili akasema, "Nami nilikunung'unikia mpaka ukaiacha kazi." Hapo ndipo tulipoanza kupanga namna nyingine, ingawa ilipita miaka miwili kabla hatujaitwa tena.

Safari ya pili tulianza na fedha. Nauli ya mke, kitanda chake na chakula chake vilitoka katika kushona kwake, vikawekwa katika mkebe mbali na masurufu ya kazi. Msomaji atasema ni fedha ya nyumba moja, kwa nini kuitenga? Kwa sababu masurufu hudaiwa hesabu. Mtu akirudi lazima alete stakabadhi, naye akichanganya ugali wa wawili katika hesabu ya mmoja atalazimika kuandika uongo, hata kama ni wa shilingi chache. Kisha tuliwaandikia waandaaji barua fupi, kwamba tunakuja wawili na wa pili anajilipia. Walijibu bila ugumu wowote, wakatuonyesha nyumba ya wageni yenye kitanda cha wawili kwa bei iliyozidi kidogo tu ile ya mmoja. Miaka yote tuliogopa barua hiyo bure!

Siku za kutembea tuliziomba kuwa likizo, ziwe baada ya mkutano wala si katikati yake. Baada ni bora kuliko kabla, maana atembeaye kwanza huingia mkutanoni na vumbi na usingizi, tena moyo wake umekwisha kushiba. Na mke naye alikwenda na shughuli yake mwenyewe: kuuliza bei za vitenge na uzi katika masoko ya Arusha, na kuangalia mishono. Mume alipokuwa akiketi mkutanoni, yeye alikuwa sokoni na daftari. Jioni walikutana kila mtu ana habari ya kumweleza mwenziwe. Ugomvi wa dari haukutokea.

Kuhusu nyumbani tutasema kidogo, kwa kuwa kila nyumba yajijua. Ng'ombe tuliwakabidhi kwa ndugu wa mume, na tuliporudi tulimletea blanketi. Mama mzaa mume tulimwambia mapema, tukiketi chini mbele yake, si kwa kumtumia mtoto. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama huko twendako kuna baridi.

Baridi iko. Atakayepita ukingo wa Ngorongoro achukue koti zito, maana ni zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na asubuhi ukungu hufunika kila kitu.

Mkutano ulipokwisha tulikuwa na siku nne. Siku ya kwanza tuliitumia mjini kwa miguu: makumbusho ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, boma la zamani la Wadachi ambalo sasa ni makumbusho ya viumbe, na lile jumba kubwa la mikutano, AICC, ambalo mabawa yake matatu yaitwa Kilimanjaro, Ngorongoro na Serengeti. Katika jumba hilo ilikaa mahakama ya mauaji ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa na kumaliza kazi yake mwaka 2015. Tulisimama nje tu, tukatazama madirisha.

Siku ya pili tulikwenda Akeri, upande wa mashariki wa mji, katika nchi ya Wameru. Wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa pale mwezi wa Oktoba 1896, baada ya kukaa siku chache tu. Vijana wale tulisikia habari zao tangu utoto katika mafundisho. Lakini ni lazima kusema pia kilichofuata, ambacho katika mafundisho hatukukisikia sana: jeshi la Wadachi lilikuja kuadhibu, likawaua watu wengi wa Meru na Arusha, likachoma nyumba na kuteka ng'ombe. Tukiwa pale tulizungumza sana juu ya jambo hilo, na katika kurudi garini hatukusema neno.

Kwa kurudi nyumbani tulijiunga na wajumbe wengine watatu wa mkoa wa Mara, tukakodi gari moja na kugawana gharama. Basi la abiria pia hupita njia hiyo, kutoka Arusha kwa Karatu, Ngorongoro, Seronera mpaka Mugumu, mchana kutwa. Nalo ni rahisi zaidi, lakini halisimami mtu apendapo. Raia hulipa kwa shilingi, na ada yake ni ndogo sana kuliko ya mgeni wa nje. Ila ajue kwamba atalipa mara mbili, Ngorongoro na Serengeti, maana tangu mwaka 1959 nchi hizo mbili zimetengwa. Asisahau kitambulisho chake. Tena usiku hakuna kusafiri hifadhini, hivyo yafaa kuondoka Arusha alfajiri.

Ukingoni tulitazama chini katika shimo kubwa lenye kina cha kama mita 600, na nyati walionekana kama mbegu za ulezi zilizomwagika. Karibu na njia liko kaburi la Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekufa kwa ajali ya ndege tarehe 10 Januari 1959, alipokuwa akiwahesabu wanyama pamoja na baba yake. Kisha tuliingia Oldupai kwa muda wa saa moja. Tulisimama juu ya korongo, jua kali, upepo mwingi, na mwelezaji akatuonyesha kwa kidole pale Mary alipoliona fuvu. Mshonaji wetu alitazama sana. Akasema, "Mbali hivyo, na kipande kidogo hivyo." Mmoja wa wajumbe akajibu kwamba mtu azoeaye kutazama mshono wa sindano ndiye angeona. Tukacheka, lakini alikuwa amesema kweli.

Neno moja la majira. Atakaye kuwaona nyumbu wakivuka Mto Mara na aende kati ya Julai na Oktoba, upande wa kaskazini wa Serengeti. Ni wanyama zaidi ya milioni moja, nao hawana saa: waweza kusimama ukingoni kutwa, kisha wakarudi nyuma. Mwezi wa Februari wako mbali kusini, kwenye nyanda za Ndutu, wakizaa. Sisi tulipita mwezi wa Mei, tukawaona wachache tu, na simba mmoja aliyelala chini ya mti asituinulie hata kichwa. Tulipofika Mugumu jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Fomu ya dawa iliyofuata ilikubaliwa mara ya kwanza.

Walimu wa vikundi waweza kuuliza maswali haya. Katika kijiji chenu, ni nani waitwao mikutanoni, na wakirudi huwaeleza watu waliyojifunza, au husimulia chakula tu? Mwenye posho akibana chakula chake na kuleta akiba nyumbani, je, ni mali yake halali? Mke akiitwa yeye mkutanoni, na mume ndiye asiye na mwaliko, je, atakubali kwenda kwa kujilipia na kukaa chumbani mchana? Na ng'ombe nani atawakama?